Usuluhishi wa Ziwa Nyasa usiachwe ukafa kimyakimya

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie shauri ambalo magazeti yetu huliandika kwa herufi kubwa kila yanapotoka maneno makali Lilongwe au Dodoma, kisha huliacha likalala kwa miaka: mpaka wa Tanzania na Malawi katika Ziwa Nyasa, ambalo jirani zetu huliita Ziwa Malawi. Mengi yameandikwa kuhusu nani mwenye haki, na maoni yangu juu ya hilo sitayaficha. Lakini ninachotaka kukisema hasa kinahusu usuluhishi wenyewe, ile kazi waliyokabidhiwa marais wastaafu wa Afrika mwishoni mwa mwaka 2012, ambayo sisi wakazi wa mwambao hatujaelezwa rasmi imefikia wapi. Naamini kuwaita wasuluhishi kulikuwa uamuzi sahihi, na naamini vilevile kwamba waliitwa bila kupewa masharti ambayo yangeifanya kazi yao izae matunda.

Kwa faida ya vijana ambao wakati ule walikuwa shule ya msingi, nikumbushe kwa ufupi. Mwaka 2011 serikali ya Malawi, chini ya Rais Bingu wa Mutharika, iliipa leseni kampuni ya Uingereza iitwayo Surestream itafute mafuta katika eneo la kaskazini la ziwa. Mutharika alifariki dunia Aprili 2012 na nafasi yake ikachukuliwa na Joyce Banda, aliyeirithi leseni ile pamoja na ugomvi wake. Kufikia katikati ya mwaka huo waziri wetu wa mambo ya nje, Bernard Membe, alikuwa ameitaka Malawi isimamishe utafutaji wa mafuta hadi suala la mpaka limalizike, na huku mwambaoni watu walikwisha kuanza kuulizana kama vita inakuja. Agosti Rais Jakaya Kikwete na Rais Banda walikutana Maputo wakati wa mkutano wa wakuu wa SADC, wataalamu wa pande mbili wakaketi, na Oktoba Malawi ikajitoa katika mazungumzo ikilalamikia ramani mpya ya Tanzania iliyoonyesha mpaka katikati ya maji. Ndipo ikaonekana kwamba anahitajika mtu wa tatu. Shauri likapelekwa kwa Jukwaa la Wakuu wa Nchi Wastaafu wa Afrika, lililokuwa likiongozwa na Joaquim Chissano wa Msumbiji, na pamoja naye wakawamo Thabo Mbeki wa Afrika Kusini na Festus Mogae wa Botswana.

Chanzo cha yote ni Mkataba wa Heligoland, uliotiwa saini na Waingereza na Wajerumani tarehe 1 Julai 1890. Ibara yake ya kwanza inasema kwamba mpaka ukishalifikia ziwa unafuata ufuko wa mashariki, wa kaskazini na wa magharibi hadi ukingo wa kaskazini wa mdomo wa mto Songwe. Kwa maneno mengine, Mjerumani aliachiwa mchanga na Mwingereza akachukua maji yote. Malawi, iliyorithi koloni la Nyasaland, inasimama juu ya ibara hiyo, na inaongeza azimio la Umoja wa Nchi Huru za Afrika lililopitishwa Cairo Julai 1964, kwamba nchi huru zitaheshimu mipaka zilizoikuta siku ya uhuru. Azimio hilo Mwalimu Nyerere alikuwa mstari wa mbele kulitetea. Zaidi ya hayo, serikali ya Tanganyika yenyewe, mwanzoni mwa miaka ya 1960, iliwahi kukiri kwamba hakuna sehemu ya ziwa iliyo ndani ya mipaka yake, na msimamo wa mstari wa katikati ulitangazwa waziwazi mwaka 1967. Mtanzania anayependa nchi yake hana budi kuyajua haya, kwa sababu msuluhishi yeyote atayakuta mezani siku ya kwanza, na ni aibu kwenda barazani ukiwa hujasoma hoja ya mwenzako.

Hoja yetu nayo si nyepesi. Mkataba uleule wa 1890, katika ibara ya sita, unaruhusu mistari yake irekebishwe kwa makubaliano kulingana na mahitaji ya mahali. Waliouandika walijua kwamba walikuwa wakichora mistari juu ya nchi wasiyoijua. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza Waingereza walitawala pande zote mbili, na katika baadhi ya ramani na taarifa zao za miaka ya udhamini mpaka ulionyeshwa katikati ya ziwa. Tena kuna mfano wa jirani wa tatu, ambao nashangaa jinsi unavyotajwa kwa nadra. Mwaka 1954 Uingereza na Ureno zilikubaliana kwamba mpaka wa Nyasaland na Msumbiji upite katikati ya maji, huku visiwa vya Likoma na Chizumulu, vyenye kanisa kuu na misheni ya Waanglikana, vikibaki upande wa Nyasaland ingawa viko ndani ya maji ya Msumbiji. Ziwa hilihili, Mwingereza huyohuyo, lakini mwambao wa Msumbiji ukapata nusu ya maji na mwambao wa Tanganyika ukabaki na mchanga, kwa kuwa Msumbiji ilikuwa na Ureno ya kudai kwa niaba yake na sisi tulikuwa chini ya mtawala wa pande zote mbili, asiye na wa kumdai ila nafsi yake.

Ili msomaji wa Dar es Salaam au Arusha aone mstari huo wa ufukweni una maana gani kwa maisha ya watu, namwomba aende Matema, wilayani Kyela, siku ya soko la vyungu la Lyulilo. Vyungu vile hufinyangwa na akina mama wa Kikisi katika vijiji kama Ikombe, ambako Milima ya Livingstone inashuka wima hadi majini na hakuna barabara ya gari. Vyungu hupangwa ndani ya mtumbwi, vikawekewa nyasi visigongane, na mtumbwi hufuata kando ya mwamba hadi sokoni. Ukiusoma mkataba wa 1890 neno kwa neno, chungu kilichofinyangwa Tanzania na kuuzwa Tanzania kinasafiri kupitia nchi ya kigeni, na mama anayeinama kuteka maji ya kupikia mtoto wake uji anatia ndoo ndani ya Malawi. Vijiji kadhaa vya wilaya ya Ludewa, kutoka hapo kushuka hadi Lupingu, havina njia nyingine ya kumpeleka mgonjwa hospitali isipokuwa majini. Isitoshe, ufuko haukai mahali pamoja. Kati ya mwaka 1915 na 1935 hivi ziwa lilishuka hata mto Shire, unaoyatoa maji yake, ukakoma kutiririka. Kuelekea mwaka 1980 likapanda na kumeza mashamba. Mpaka unaopanda na kushuka pamoja na mvua ni mpaka wa aina gani?

Lakini msuluhishi haji kusikiliza upande mmoja, na mimi ninayeandika nikiwa upande huu ninajilazimisha kufikiri kama mtu wa Karonga au Nkhata Bay. Malawi haina bahari. Ziwa hili ni sehemu kubwa ya nchi yao, ndilo linalowapa samaki wanaowalisha, na karibu umeme wao wote umetokana na mitambo iliyojengwa juu ya mto Shire, ambao maji yake yanatoka ziwani. Wanapoona nchi kubwa kuliko yao mara nyingi, yenye Bahari ya Hindi, yenye Victoria na Tanganyika, ikidai nusu ya maji ya kaskazini, wanaona nguvu za mkubwa. Na hofu yao ina historia ya pande zote, maana mwaka 1968 Rais Kamuzu Banda alijibu kwa kudai kwamba nchi yake ilistahili eneo kubwa la kusini mwa Tanzania, Songea na Mbeya zikiwamo, na mambo yakaharibika kabisa. Kuanzia hapo ukawa ugomvi wa heshima, na ugomvi wa heshima hausuluhishwi na wenyewe wawili.

Ndiyo maana nasema mgeni alihitajika. Wahenga walisema mgeni njoo mwenyeji apone, na katika ugomvi wa ardhi msemo huo una ukweli wake, kwa sababu kiongozi anayeshindwa kurudi nyuma mbele ya wapiga kura wake anaweza kurudi nyuma mbele ya mzee wa heshima aliyekuja kuomba. Sisi wenyewe tulipata faida hiyo. Mwaka 1972, baada ya jaribio la kumng'oa Idi Amin kushindwa na ndege zake kushambulia miji yetu ya Bukoba na Mwanza, alikuwa Siad Barre wa Somalia aliyezileta pande mbili kwenye Makubaliano ya Mogadishu, na majeshi yakarudishwa nyuma kilomita 10 kutoka mpakani. Makubaliano yale hayakumfanya Amin kuwa mtu mwema, lakini yalinunua miaka 6. Mwaka 1978, Amin alipotangaza kwamba eneo lote la kaskazini mwa mto Kagera ni lake, Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulituma wapatanishi, na Mwalimu alikataa kupatanishwa kwa namna iliyowaweka aliyevamia na aliyevamiwa katika mizani moja. Nadhani alikuwa sahihi. Usuluhishi una mahali pake, na mahali pake ni pale ambapo hakuna aliyevuka mpaka na bunduki, na pande zote zina hoja ambayo mtu mwenye akili anaweza kuisikiliza. Shauri la Ziwa Nyasa ni la namna hiyo hasa.

Wapo wanaosema tuache maneno twende mahakamani, The Hague. Nimewasikia upande wa Malawi, na hata hapa kwetu. Mahakama ya Kimataifa ya Haki ni chombo cha heshima, na imemaliza migogoro mikubwa ya Afrika: Burkina Faso na Mali mwaka 1986, Botswana na Namibia mwaka 1999. Lakini haiamui shauri la nchi mbili mpaka zote mbili ziwe zimekubali mamlaka yake kwa njia moja au nyingine, na Tanzania haijakubali. Halafu tuangalie yaliyotokea kwa majirani. Oktoba 2021 mahakama hiyo iliamua shauri la mpaka wa baharini kati ya Somalia na Kenya. Kenya ilikuwa imekwisha kujitoa katika shauri na ikaikataa hukumu. Mwaka 2002 tume ya mipaka iliyoundwa baada ya vita vya Ethiopia na Eritrea iliamua kwamba mji wa mpakani wa Badme ni wa Eritrea, na miaka 16 ikapita hukumu ikiwa karatasi tu huku askari wakikaa mahandakini wakitazamana. Rasi ya Bakassi nayo, mahakama iliipa Cameroon mwaka 2002, lakini Nigeria haikuondoka kwa sababu ya hukumu peke yake. Alihitajika Kofi Annan, akawakalisha marais wawili hadi wakasaini Makubaliano ya Greentree Juni 2006, yakapangwa majira ya kuondoa majeshi na kipindi cha mpito, na makabidhiano yakakamilika Agosti 2008. Hata mahakama inapoamua, bado anatakiwa mtu wa kuwashika mkono walioshindwa.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka mbali, kusini kabisa mwa Amerika, katika mlango wa bahari wa Beagle, ambako Argentina na Chile ziligombania visiwa vitatu vidogo, Picton, Nueva na Lennox. Zilikubaliana kwanza kupeleka shauri kwa waamuzi, na mwaka 1977 uamuzi ukatoka kwamba visiwa ni vya Chile. Argentina ikaukataa, na Desemba 1978 meli zake za kivita zilikuwa zimekwisha kuelekea kusini. Hapo Papa Yohane Paulo II akamtuma Kadinali Antonio Samorè, mzee aliyekuwa amepita umri wa miaka 70, na mapema Januari 1979 serikali mbili zikatia saini huko Montevideo kwamba hazitatumia nguvu wakati usuluhishi unaendelea. Usuluhishi ulichukua karibu miaka 6. Samorè alifariki mwaka 1983 kazi ikiwa haijaisha, wengine wakaiendeleza, na Novemba 1984, baada ya wananchi wa Argentina kupiga kura ya maoni na wengi mno kuunga mkono, mkataba ukasainiwa. Visiwa vilibaki vya Chile, Argentina ikapata maji iliyoyajali zaidi upande wa Bahari ya Atlantiki, na tangu hapo hakuna aliyetishia kupigana kwa ajili ya Beagle.

Natoa mfano huo kwa sababu unatuonyesha kilichokosekana kwetu. Huko Amerika usuluhishi ulianza kwa hati iliyotiwa saini ya kutotumia nguvu. Msuluhishi alikuwa na ofisi, wasaidizi na kazi ya kila siku. Alikuwa na mamlaka ya kuleta pendekezo lake mwenyewe na si kubeba barua tu. Alipofariki, kazi haikufa naye. Na mwishoni wananchi waliulizwa. Kwetu, wazee watatu waliokuwa na majukumu mengine mengi barani waliombwa wasaidie, wakaunda jopo la wanasheria la kuwashauri, wakakutana na pande mbili mara kadhaa, na hadi leo hakuna taarifa ya wazi iliyowekwa mbele ya mabunge ya nchi zote mbili kusema wamependekeza nini, nani amekataa nini, na kazi inaisha lini. Simlaumu Mzee Chissano, ambaye rekodi yake ya kumaliza vita vya nchi yake mwenyewe mwaka 1992 inajulikana. Nazilaumu serikali zilizomwita zikamwacha bila tarehe wala hati ya kazi ambayo wananchi wangeweza kuisoma na kuulizia.

Kuna jambo jingine ambalo watu hulisema vijiweni na halisemwi mezani, nami nadhani afadhali lisemwe. Chissano ni raia wa Msumbiji, na Msumbiji ni mwenye ziwa wa tatu. Wapo wanaoona hilo ni kasoro, kwamba msuluhishi ana maslahi. Mimi naona kinyume. Msumbiji ilikwisha kupata mstari wa katikati mwaka 1954, haina cha kuongeza wala cha kupoteza katika shauri hili, na uzoefu wake wa miaka 70 wa kuishi na mpaka wa katikati ya maji, pamoja na visiwa vya jirani vilivyomo ndani yake, ni ushahidi ambao hakuna profesa wa sheria anayeweza kuutoa darasani. Lakini ili faida hiyo isigeuke kuwa shaka, ilipasa itangazwe tangu mwanzo, pande zote mbili zikubali kwa maandishi, na kando ya Chissano awepo mtu mwenye uwezo uleule ambaye nchi yake haigusi maji haya. Mbeki na Mogae waliwekwa kwa sababu hiyo, nadhani. Mwambaoni hakuna aliyeelezwa.

Sasa niseme ninachopendekeza. Usuluhishi ufufuliwe kwa hati mpya, yenye muda usiozidi miaka 3, na utenganishe mambo mawili yaliyofungwa pamoja bila sababu: nani mwenye ziwa, na watu walitumieje wakati swali hilo likisubiri jibu. Swali la kwanza linaweza kuchukua muda. La pili halistahili kusubiri hata msimu mmoja. Wavuvi wa dagaa, samaki ambao jirani zetu huwaita usipa, hutoka jioni na taa, hukaa usiku kucha wakifuata samaki waliko, na alfajiri hurudi kuanika mchangani. Kuanzia Mei hadi Agosti upepo wa mwera huvuma kwa nguvu kutoka kusini na unaweza kuusukuma mtumbwi wenye watu wanne mbali kabisa na pale ulipokusudia kuwa. Mtu wa namna hiyo akikutana na boti ya doria, swali la kwanza analoulizwa lisiwe juu ya mkataba wa Wajerumani. Makubaliano ya muda juu ya uvuvi, usafiri wa majini na uokoaji, yenye kifungu kinachosema wazi kwamba hayapunguzi dai la upande wowote, yanaweza kuandikwa na maofisa wa nchi mbili wakiwa na msuluhishi mmoja mezani. Samaki aina ya mbasa wanapanda mito ya Ruhuhu na Songwe kutaga mayai kisha wanarudi ziwani; hawawezi kulindwa na nchi moja wakivuliwa ovyo na nyingine.

Kuhusu mafuta na gesi, kama yapo, mfano upo hapa hapa Afrika. Nigeria na Sao Tome na Principe zilishindwa kuelewana juu ya mpaka wao wa baharini, na mwaka 2001 zikasaini mkataba wa kuunda eneo la pamoja, mapato yakigawanywa asilimia 60 kwa Nigeria na 40 kwa Sao Tome. Sisemi mgawo huo ndio utufae. Nasema inawezekana kuchimba, au kukubaliana kutochimba, bila kwanza kumaliza ubishi wa mstari. Kwa maoni yangu ziwa hili, ambalo lina aina za samaki zisizopatikana popote pengine duniani na linanywewa na watu wa nchi tatu, lingebaki bila kisima cha mafuta. Hilo nalo ni jambo la kuwekwa mbele ya msuluhishi.

Wala wasituambie kwamba nchi hizi mbili haziwezi kufanya kazi pamoja. Mto Songwe, ambao ni mpaka wetu wa nchi kavu, huhama njia yake kila mafuriko yanapokuja, na shamba la mtu lililolala Tanzania likaamka upande wa pili. Kwa sababu hiyo Tanzania na Malawi ziliunda kamisheni ya pamoja ya bonde la mto huo kwa mkataba wa mwaka 2017, na ofisi yake iko Kyela. Mizigo ya Malawi inapita bandari ya Dar es Salaam. Mwaka 2025, Malawi ilipozuia mazao yetu kama mchele na ndizi na sisi tukajibu kwa kuzuia mazao yao, malori yalikwama, wafanyabiashara wakapiga kelele, na katika siku chache mawaziri wakazungumza na zuio letu likaondolewa. Palipokuwa na hasara inayoonekana, walielewana haraka. Hasara ya ziwani haionekani kutoka maofisini, lakini ipo: ni mwekezaji anayeogopa kuleta meli, ni mvuvi anayeogopa kwenda mbali, ni mtoto wa Liuli anayefundishwa ramani moja huku binamu yake wa Nkhata Bay akifundishwa nyingine.

Nimeitaja Liuli kwa makusudi. Wajerumani waliiita Sphinxhafen, na hapo ndipo, Agosti 1914, meli ya Waingereza iitwayo Gwendolen iliishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo. Nahodha wa Kijerumani alikuwa bado hajapata habari kwamba vita imetangazwa Ulaya, na nahodha wa Kiingereza alikuwa rafiki yake wa siku nyingi. Mabomu yale yalipigwa katika ziwa hili kwa ajili ya ugomvi wa watu wengine. Wanyakyusa wa Kyela na Wangonde wa Karonga ni ndugu wa lugha na damu. Hawana ugomvi huo, na hawajawahi kuombwa maoni yao juu yake na tume yoyote ninayoifahamu.

Malawi imepata serikali mpya baada ya uchaguzi wa Septemba 2025, na Rais Peter Mutharika, mdogo wake marehemu Bingu, ambaye ni profesa wa sheria na aliyewahi kusimama imara kwamba ziwa lote ni la nchi yake, amerudi madarakani. Wengine wanaona hiyo ni sababu ya kukata tamaa. Mimi naona ni sababu ya kuharakisha, kwa kuwa mwanasheria anajua thamani ya makubaliano yaliyoandikwa vizuri, na kiongozi ambaye hakuna raia wake anayeweza kumshuku kwamba ameuza ziwa ndiye anayeweza kusaini.

Naiomba Wizara ya Mambo ya Nje na Ushirikiano wa Afrika Mashariki ilieleze Bunge, katika mkutano wake ujao, kama hati ya usuluhishi wa mwaka 2012 bado ina nguvu, jopo la wanasheria lilishauri nini, na kama Tanzania iko tayari kukaa na Malawi kuandika hati mpya yenye muda. Na kabla ya pendekezo lolote kusainiwa, wasuluhishi wafanye vikao vya wazi Kyela, Lupingu, Mbamba Bay, Karonga na Nkhata Bay, wawasikilize wavuvi wa BMU (vikundi vya wavuvi vya kusimamia mialo) za upande wetu na kamati za vijiji vya ufukweni za upande wa Malawi, wafinyanzi wa Ikombe na manahodha wa mitumbwi, na maelezo yao yaambatishwe katika ripoti itakayopelekwa kwa marais wote wawili.

Ni mimi msomaji wako,
Mwalimu mstaafu,
Wilaya ya Nyasa, Ruvuma